Kibadeni: Mwana wa Msimbazi anayeitwa paa linapovuja

Na Mwandishi Wetu, Kakiika

JIONI ya mechi ya Simba na Yanga, ukiingia kwenye kibanda cha mpira hapa Kakiika, kaskazini mwa jiji la Mbarara, utadhani uko Kariakoo. Mwenye duka la vipuri ameketi bega kwa bega na mchuuzi wa vitenge kutoka kambi ya Nakivale, aliyekuja kuchukua mzigo akaamua kwamba safari ya kurudi inaweza kungoja. Nyuma yao yupo dereva wa lori aliyeingia nchini kupitia Mutukula. Mmoja ni Mnyankole, wa pili Mkongo, wa tatu Mhaya. Kiswahili kinawatosha wote.

Ubishi wao si wa mabao tu. Kila msimu wa usajili swali hurudi lile lile: nani ni wetu kweli, na nani amefuata pesa? Emmanuel Okwi, Mganda aliyependwa sana Msimbazi, alitua Yanga Desemba 2013, na mwaka uliofuata akarudi Simba. Hamis Kiiza, Mganda mwingine, aliwafunga Simba akiwa na jezi ya Yanga, kisha mwaka 2015 akavaa nyekundu. Mashabiki walinuna, wakasahau, wakashangilia tena. Mpira ni kazi, na kazi ina bei yake.

Hata hivyo, mfanyabiashara wa mpakani anajua kuna kitu ambacho bei haikinunui. Anayefika Nakivale kutoka Bukavu au Bujumbura hana hati ya ardhi ya kuweka rehani wala mdhamini wa benki. Anachoweza kuanza nacho ni neno lake. Muuzaji wa jumla mjini humpa magunia mawili, wakaagana Ijumaa. Ijumaa ikifika na pesa ikafika, wiki inayofuata anapewa manne. Hiyo ndiyo mali kauli, na kila mmoja wetu anajua ni mtaji wa namna gani: hujengwa kwa miaka, huvunjwa kwa siku moja.

Tukipima watu wa soka kwa mizani hiyo ya soko, jina moja la Afrika Mashariki linastahili kusimuliwa upya. Ni Abdallah Kibadeni, King Mputa, mchezaji wa Simba aliyegeuka kocha. Klabu yake ilimkopa jina mara nyingi kuliko mtu yeyote. Swali ni kama ililipa.

Siku ya mabao sita

Kibadeni aliingia klabuni wakati bado inaitwa Sunderland, kabla ya mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Hakuwa mtu wa kimo. Alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye kuusoma mpira kabla haujamfikia. Alikuwa sehemu ya kikosi cha 1974 kilichofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Simba iliitoa Hearts of Oak ya Ghana, ikaja kutolewa na Mehalla El Kubra ya Misri kwa mikwaju ya penalti baada ya kila timu kushinda bao 1-0 kwake. Mwaka huo huo Simba ilitwaa ubingwa wa kwanza wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, mashindano ambayo leo tunayaita Kombe la Kagame.

Lakini tarehe iliyomwandika katika vichwa vya watu ni 19 Julai 1977. Siku hiyo, kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Simba iliifunga Yanga mabao 6-0. Kibadeni alifungua dakika ya 10, akaongeza kabla ya mapumziko, akafunga kitabu dakika za mwisho. Matatu yalikuwa yake peke yake. Jumanne Hassan Masimenti alifunga mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe.

Anayejua utani wa jadi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa uzito wa matokeo hayo. Waliozaliwa miaka mingi baada ya 1977, hapa Mbarara na hata Nakivale ambako wengi hawajawahi kuiona Dar es Salaam, wanaitaja siku hiyo kama vile walikuwapo. Mchezaji mwingine angeishi kwa mabao hayo matatu hadi uzeeni. Kibadeni hakukaa juu ya sifa. Alichukua filimbi.

Fainali iliyokuwa mkononi

Mwaka 1993 Simba ilikuwa na Kibadeni kwenye benchi kama kocha, na ikafanya jambo ambalo klabu ya Tanzania ilikuwa haijawahi kulifanya: kufika fainali ya kombe la Afrika. Lilikuwa Kombe la CAF, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla. Waganda wanalikumbuka kwa sababu zao, kwani fainali ya kwanza ya kombe hilo, mwaka 1992, ilichezwa na SC Villa, iliyoshindwa na Shooting Stars ya Nigeria. Kwa hiyo kwa miaka miwili mfululizo kanda yetu ilikuwa mlangoni mwa kombe hilo.

Simba ya Kibadeni iliwatoa, miongoni mwa wengine, El Harrach ya Algeria na Aviação ya Angola. Katika fainali ya kwanza mjini Abidjan ilitoka sare ya 0-0 na Stella. Huo ulikuwa mzigo uliokwisha vuka mpaka, ukisubiri kushushwa tu. Inasimuliwa hadi leo kwamba mfadhili wa klabu, Azim Dewji, aliahidi kila mchezaji gari kombe likibaki nyumbani.

Tarehe 27 Novemba 1993 uwanja ulijaa, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa jukwaani. Stella ilishinda 2-0. Mabao yote mawili yalifungwa na Boli Zozo, jina ambalo wazee wa Simba hadi leo hulitamka kwa kushusha sauti.

Mfanyabiashara anaielewa siku ya namna hiyo. Umefanya kila kitu sawa, umelipa ushuru, umepita vizuizi vyote, halafu gari linapinduka kilomita ya mwisho. Unayeulizwa ni wewe uliyesimamia safari. Hasara ile ilimfuata Kibadeni kwa miaka, ingawa hakuna kocha Mtanzania aliyekuwa ameifikisha klabu mbali kiasi kile.

Jirani yetu wa Kaitaba

Hapa ndipo hadithi inapotusogelea sisi wa upande huu wa mto Kagera.

Wengi husikia neno uaminifu wakadhani ni mtu kukaa sehemu moja asitikisike. Maisha ya Kibadeni yanasema vingine. Simba ilipokuwa haimhitaji, hakukaa mlangoni akisubiri. Alikwenda kufundisha timu nyingine. Msimu wa 2012/13 alikuwa Bukoba na Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Missenyi, wilaya ambayo kila anayepita Mutukula huikanyaga kabla ya kuona Ziwa Victoria.

Kagera Sugar haikuwa na pesa za Kariakoo wala mashabiki wa nchi nzima. Ilikuwa na Uwanja wa Kaitaba, wachezaji wenye njaa ya kuonekana, na mzee mmoja aliyejua kazi. Oktoba 2012 iliifunga Yanga 1-0 hapo hapo Kaitaba. Msimu ulipofungwa, ilikuwa ya nne kwenye ligi, nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Kwa timu ya mkoani, hiyo ilikuwa faida kubwa kwa mtaji mdogo.

Tuseme wazi lililotokea hapo. Kibadeni alifanya kazi ya Kagera kwa moyo wote, akiwafunga hata wakubwa wa Dar es Salaam, na hakuna aliyesema ameacha kuwa mtu wa Simba. Alikuwa kama muuza samaki anayenunua Bukoba na kuuza Mbarara: kila upande unamwamini kwa sababu hamdanganyi wa kule wala wa huku. Uaminifu wake haukuwa wa kufungwa kamba. Alikwenda nao alikokwenda.

Na kwa sababu kazi ilionekana, simu ikalia. Simba, iliyokuwa imeupoteza ubingwa na kuachana na kocha wake Mfaransa, Patrick Liewig, ilimrudisha nyumbani katikati ya mwaka 2013. Paa lilikuwa linavuja, akaitwa mwana.

Dakika 45 za mzee

Tarehe 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga zilikutana Dar es Salaam. Kufikia mapumziko Yanga ilikuwa mbele 3-0. Mrisho Ngassa alifunga la kwanza, Hamis Kiiza wetu wa Uganda akafunga mawili. Kwa mtu aliyefunga matatu katika ile 6-0 ya 1977, kuketi benchi na kuona deni la zamani likianza kulipwa ni jambo zito. Mashabiki wa Yanga walikuwa wameanza kuhesabu.

Kibadeni, akiwa na msaidizi wake Jamhuri Kihwelo 'Julio', hakutafuta mchawi. Aliwatoa wachezaji wawili akawaingiza vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian. Kipindi cha pili kikawa mchezo mwingine kabisa. Betram Mombeki alirudisha la kwanza. Joseph Owino, beki kutoka Uganda, akaweka la pili. Zikiwa zimebaki dakika chache, Gilbert Kaze, beki kutoka Burundi, akasawazisha. Mechi ikaisha 3-3.

Itazame orodha ile ya wafungaji tena, msomaji wa mpakani. Mganda kwa Yanga, Mganda na Mrundi kwa Simba. Golini kwa Simba alisimama Mganda mwingine, marehemu Abel Dhaira. Kabla wakubwa hawajamaliza vikao vya soko la pamoja, Kibadeni alikuwa ameshalipanga uwanjani. Nakivale, ambako Warundi na Wakongo wanaishi jirani na kufanya biashara na Waganda kila siku, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa jinsi watu wa pasipoti tofauti wanavyoweza kuinua mzigo mmoja.

Hayo yalikuwa Oktoba. Mzunguko wa kwanza wa ligi ulipokwisha Novemba, Simba ilikuwa ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Mbeya City. Kabla mwaka haujaisha Kibadeni na Julio walikuwa nje. Kiti kilichukuliwa na Zdravko Logarusic kutoka Croatia. Mtu wa 1974, wa 1977 na wa 1993 alikuwa amepewa takriban nusu mwaka.

Mwingine wa Bremen

Ili tuione vizuri hesabu hii, tuazime mfano kutoka Ujerumani, kwa sababu mwaka ule ule wa 2013 mtu mwingine wa klabu moja alifungasha virago huko.

Thomas Schaaf aliingia Werder Bremen mwaka 1972 akiwa mtoto wa miaka 11. Alicheza timu ya wakubwa kuanzia 1978 hadi 1995, beki asiye na makeke, akatwaa ubingwa wa Ujerumani mara mbili, 1988 na 1993, na Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1992. Hakuwahi kuchezea klabu nyingine. Alipostaafu alibaki hapo hapo akifundisha vijana.

Mei 1999 Werder ilikuwa inachungulia shimo la kushuka daraja. Nayo ilifanya kama wanavyofanya wetu: ikamwita mwana wa nyumbani. Schaaf aliiokoa timu isishuke, na wiki chache baadaye wakaifunga Bayern Munich kwa penalti katika fainali ya Kombe la Ujerumani.

Hadi hapo yeye na Kibadeni ni ndugu. Njia zao zinaachana baada ya hapo. Msimu wake wa kwanza kamili Werder ilimaliza ya tisa. Uliofuata ikawa ya saba. Kisha ya sita, na ya sita tena. Miaka minne bila ubingwa. Kwa viongozi wengi wa klabu zetu, hizo ni sababu za kutosha kufukuza makocha wanne. Werder haikumgusa. Mwaka wa tano, 2004, ilitwaa ubingwa wa ligi na kombe kwa mpigo. Mwaka 2009 ikachukua kombe tena na kufika fainali ya Kombe la UEFA.

Schaaf alikaa miaka 14. Mambo yaliharibika mwishoni, timu ikawa inahangaika chini ya msimamo, na Mei 2013 wakaachana. Mei 2021, Werder ikiwa imebakiza mechi moja na hatari ya kushuka ikiwa kubwa, ilimpigia simu. Alikuja kwa mechi hiyo moja. Walifungwa 4-2 na Borussia Mönchengladbach, wakashuka. Angeweza kukataa asilitie jina lake doa. Hakukataa. Kumbe hata Ujerumani mwana wa nyumbani huitwa nyumba ikiungua, na hata huko si kila moto huzimika.

Tofauti basi haikuwa mapenzi ya mtu kwa klabu, kwani Kibadeni hakumzidi wala kuzidiwa na Schaaf kwa hilo. Tofauti ni muda ambao klabu ilikubali kusubiri.

Nani anadaiwa?

Kila mwenye duka Mbarara anajua kwamba biashara mpya haitoi faida mwezi wa kwanza. Kodi ya pango inakula, wateja hawajakuzoea, mzigo wa kwanza unaununua kwa bei mbaya. Mwenye mtaji akija kila Jumatatu kudai faida, duka litafungwa kabla ya sikukuu, na hata kama muuzaji alikuwa hodari hutajua kamwe. Klabu zetu nyingi huendeshwa na mwenye mtaji wa Jumatatu.

Wapo watakaosema mapenzi ya klabu hayafungi mabao, na kwamba mwana wa nyumbani akishindwa aondoke kama mgeni yeyote. Ni kweli. Hakuna anayetaka kocha alindwe kwa sababu ya mabao ya 1977. Hata mali kauli ina mwisho: anayekosa Ijumaa tatu mfululizo hapewi gunia la nne. Lakini mali kauli ina pande mbili. Muuzaji wa jumla anayekuahidi miezi mitatu, kisha akaja kuchukua mzigo wake wiki ya pili kwa sababu amesikia uvumi, naye amevunja neno. Sokoni tungemtangaza. Kwenye mpira tunamwita kiongozi mwenye maamuzi magumu.

Somo la kwanza kwa anayefanya biashara ya kuvuka mpaka ni hili: usiuweke uaminifu wako wote kwenye mkono wa mteja mmoja bila maandishi, hata kama mteja huyo ni nyumba iliyokulea. Penda, lakini andikishana. La pili ni la Kaitaba: mlango mmoja ukifungwa, jina zuri ni bidhaa inayouzika ng'ambo ya pili ya mto. Mwenye jina hakosi pa kuanzia.

Kibadeni mwenyewe aliendelea kuishi hivyo. Baada ya kuondolewa Msimbazi alifundisha JKT Ruvu, na Novemba 2015 alipewa Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, akaipeleka Ethiopia kwenye Kombe la Chalenji. Pembezoni mwa Dar es Salaam, huko Chanika, alianzisha kituo cha soka cha vijana. Huko hafundishi watoto wa klabu moja. Anafundisha watoto.

Huenda hilo ndilo jibu la swali letu. Simba ilimpa Kibadeni jezi na jukwaa, naye akailipa kwa mabao, kwa fainali na kwa dakika 45 ambazo hazitasahaulika. Kama lipo deni lililobaki, halimlali yeye. Linalala kwa klabu zote za kanda hii, kuanzia Kampala hadi Bujumbura, zinazowakumbuka watu wao paa likivuja na kuwasahau jua likiwaka.

Hapa Kakiika mechi imekwisha. Mchuuzi wa vitenge anafunga mzigo wake wa kupeleka Nakivale. Vingi kati ya vitenge hivyo bado hajavilipia. Mwenye mali amempa mpaka Ijumaa, na wote wawili wanajua kwamba Ijumaa ni Ijumaa.